Dai la Wazee: Kumbukumbu za Mahali pa Kazi na Mabaa ya Zamani Mjini Lubumbashi



Mji wa Lubumbashi umezidi miaka mia kwa muda mchache tu, na mbele ya Kilwa, Lamu na Mombasa, miji ambayo kuta zake zilikuwa zimekwisha kuzeeka kabla ya reli ya kwanza kufika hapa, huhesabiwa kuwa mtoto. Lakini mtoto huyu amekwisha kuwa na wazee wake, na wazee hao wana jambo wanalolisema jioni kwa jioni, chini ya miembe ya mtaa wa Katuba na juu ya viti vya plastiki vya mabaa ya mtaa wa Kamalondo, nalo ni habari za mahali walipofanya kazi: karakana, tanuru, ofisi ya reli, jiko la Mzungu, kiwanda cha bia, duka la Mgiriki, kaunta ya baa iliyofungwa zamani. Wengi wetu tuliosoma tumezoea kuyasikiliza maneno hayo kwa adabu na kuyaweka upande wa huzuni ya uzee, kana kwamba kila aliyeupita ujana wake hana budi kuusifu. Leo nataka kuitetea rai nyingine. Nasema kwamba masimulizi hayo ni dai, na kama madai mengine yote lina mdai, lina mdaiwa, lina kiasi kinachojulikana, na lina ushahidi unaoletwa mbele ya wasikilizaji, hata ikiwa wasikilizaji wenyewe ni vijana watatu na mwenye baa.

Ili dai lifahamike, yapasa tukumbuke kwamba hapa kazi ilitangulia mji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, wakati ambapo mahali hapa palikuwa pori na vijiji, katika nchi ambayo wenyewe walikuwa wakiyeyusha shaba yao tangu dahari kabla ya Mzungu yeyote kuiona. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910. Mwaka ule ule Emile Wangermée, aliyekuwa mkubwa wa serikali ya Kibelgiji katika Katanga, akauweka mji na kuupa jina la malkia wake, Elisabethville. Na katikati ya mwaka 1911 tanuru lililojengwa kando ya mto Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Barabara, kwa hiyo, zilichorwa kwa kufuata mwendo wa kazi: kutoka kambini kwenda tanuruni, kutoka steshini kwenda bohari, kutoka jikoni kwa bwana kwenda katika mtaa wa Waafrika, ambao tangu miaka ya 1920 ulitengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda wa ardhi tupu ulioachwa kwa makusudi. Wakubwa wa siku hizo walisema kwamba ukanda ule ni kwa ajili ya afya, lakini watumishi waliouvuka alfajiri na kuuvuka tena magharibi walijua bila ya kuambiwa kwamba walikuwa wakivuka mpaka. Upande mmoja ilikuwa Commune Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Upande wa pili zilikuwapo taa za barabarani, hoteli na posta, na Mwafrika aliyekutwa huko usiku baada ya saa iliyowekwa ilimlazimu aonyeshe karatasi iliyompa ruhusa.

Wafanyakazi wa mwanzo hawakuja kwa hiari kama tunavyoielewa hiari sasa. Bourse du Travail du Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilipeleka waandikishaji wake vijijini, na machifu wakatakiwa kutoa vijana; wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, wakaja na lugha zao na ngoma zao. Walihesabiwa kwa tiketi, yaani karatasi ya siku thelathini za kazi iliyotiwa alama siku baada ya siku, na siku isiyotiwa alama haikuingia katika hesabu. Maradhi yaliwaua wengi na wengi walitoroka. Basi kampuni, ilipotambua kwamba mtu anayekuja na kuondoka humgharimu zaidi kuliko mtu anayekaa, ikaanza mwaka 1928 hivi kuandika mikataba ya miaka mitatu, kuwaruhusu na hata kuwahimiza wanaume wawe na wake zao kambini, kugawa posho ya unga, mafuta, samaki na chumvi kila juma, kufungua zahanati za kuwapimia watoto wachanga, na kuwaachia Wamisionari Wabenedikti, chini ya Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, kazi ya shule. Mtoto akizaliwa kambini alizaliwa mikononi mwa kampuni, akasoma katika shule ya kampuni, na akifikia umri akaitwa na king'ora kile kile kilichomwita baba yake. Hapo ndipo watu wakaanza kusema kwamba kazi ndiyo baba na kazi ndiyo mama.

Mtu akiyasikia maneno hayo bila ya kuijua taarikhi atadhani kwamba ni shukrani ya mtumwa. Lakini wazee wetu wanajua vizuri sana baba huyo alikuwa mtu wa namna gani. Wanajua kwamba mwezi wa Desemba mwaka 1941, vita vya dunia vilipopandisha bei ya kila kitu na mshahara ukabaki pale pale, wafanyakazi wa Union Minière waligoma, wakakusanyika katika uwanja wa mpira, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, akawa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya wafu iliyotolewa na serikali haikupatana kamwe na hesabu ya mitaani. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye katika miaka ya 1973 na 1974 aliichora taarikhi yote ya nchi hii katika picha zinazozidi mia, hakuiacha siku hiyo. Na picha zake hazikukusudiwa kwanza kwa majumba ya Ulaya, kwani yeye na wenzake walizoea kuwauzia watu wa mji huu picha za kutundika sebuleni, ambazo mwenyeji alizionyesha kwa mgeni na kuanza kusimulia. Kwa hiyo anayesema kwamba Union Minière ilikuwa baba yake anasema huku akijua kwamba baba huyo alipata kuwapiga risasi wanawe. Jambo hili wageni wengi wanaoandika juu yetu hulipita haraka mno.

Kwa nini basi anaisifu? Jibu liko katika yaliyofuata. Serikali ya Kongo iliitwaa mali ya Union Minière tangu Januari mwaka 1967, na kampuni iliyozaliwa, ambayo baada ya miaka michache ilipata jina la Gécamines, ikaendelea kugawa posho, kusomesha na kutibu, na mwaka 1986 ikatoa tani zinazokaribia 476,000 za shaba. Mnamo Septemba mwaka 1990 mgodi wa Kamoto huko Kolwezi ukaporomoka. Fedha za ukarabati zilikuwa zimekwisha kuliwa siku nyingi kabla. Na haikupita miaka minne kabla ya shaba kushuka hata ikawa si sehemu ya kumi ya ile ya zamani. Moshi wa bomba kubwa la Lubumbashi, ambao wakazi waliulaani kwa kuwakohoza na kuunguza bustani zao, ukakatika, na hapo ndipo watu walipogundua kwamba walikuwa wakiutazama kila asubuhi ili wajue kama mji u hai. Mishahara ikakaa miezi bila ya kulipwa, kisha miaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walipewa mkono wa kwaheri katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na kila mmoja akapewa fungu ambalo mpaka leo wengi wao wanabisha kwamba halikulingana na haki waliyokuwa wakidai.

Sasa msikilizeni tena mzee anaposema kwamba zamani walikula vizuri. Anataja kilo za unga, anataja idadi ya samaki, anataja siku ya juma na saa ya kugawiwa, anataja jina la daktari wa watoto. Mtu anayeomboleza hahitaji takwimu. Takwimu huhitajiwa na mtu anayedai. Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Zambia, James Ferguson alikutana na watu waliokuwa na uchungu kama huo, akaandika mwaka 1999 juu ya matumaini yao ya usasa yaliyovunjika. Kitabu chake ni kizuri. Lakini naona kwamba mwanachuoni wetu wa hapa hapa, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, amekwenda karibu zaidi na ukweli aliposema mwaka 2001, katika anwani ya kitabu chake, kwamba wana wa Shaba wametelekezwa na baba yao, kwa sababu kutelekeza ni kosa lenye mkosaji na lenye dhima, wakati ambapo matumaini yaliyovunjika hayana wa kushitakiwa.

Nimeisema habari ya kampuni kwa urefu kwa kuwa ndiyo inayosemwa zaidi. Lakini hapo pana hatari ambayo wasomi hatujaiepuka vya kutosha. Wenye tiketi na namba ya kampuni walikuwa na madaftari, picha, nishani na pensheni iliyoahidiwa. Kumbukumbu yao ina mahali pa kushikia. Je, wale ambao hawakuandikwa katika daftari lolote? Mpishi, boyi wa nyumba, mfua nguo, mtunza bustani, yaya, mlinzi wa usiku: watu hawa walikuwa maelfu, na mahali pao pa kazi palikuwa jikoni na uani kwa mtu mwingine. Hakuna king'ora kilichowaita. Waliitwa kwa kengele ya mezani.

Wao hawakungoja mwanachuoni. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani katika mitaa ya mji huu, aliandika kwa Kiswahili cha hapa kijitabu kilichoitwa Vocabulaire de ville de Élisabethville, kikapigwa chapa kwa mashine ya taipu na kupita mkono kwa mkono. Atakayekifungua akitarajia msamiati atakuta taarikhi ya mji tangu kuja kwa Wazungu, na taarikhi hiyo inaonwa kutoka jikoni. Mnasimuliwa humo jinsi watumishi walivyofuatana na mabwana zao kuja Katanga, jinsi Wazungu na makampuni walivyoitwa na watu weusi kwa majina ambayo wenyewe hawakuyajua, na mateso ya mtu anayelala karibu na chakula asichoruhusiwa kukila. Johannes Fabian alikichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, na katika kazi hiyo alimhitaji Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha, akisome kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa maneno yameandikwa yakiungana na kukatika bila ya kanuni ya shule, na jicho likisoma peke yake hupotea mahali ambapo sikio halipotei.

Nakiona kijitabu hicho kuwa ndicho kitabu muhimu kuliko vyote vilivyoandikwa juu ya mji huu, na nasema hivyo mbele ya wenzangu ambao baadhi yao wameandika vitabu vinene. Umuhimu wake hautoki katika usahihi wa kila tarehe, maana humo tarehe zimo zilizokosewa. Unatoka katika jambo hili: kwamba ni watu waliokutana katika chama, wakaamua kwamba kazi yao ilistahili taarikhi, wakamchagua mwandishi, na wakaitaja lugha yao kuwa inatosha. Na angalieni mwaka wenyewe. Mwaka 1965 ilikuwa miaka miwili tu tangu kumalizika kwa kujitenga kwa Katanga, ambako kulianza Julai mwaka 1960. Mabwana wengi walikuwa wamekwisha kukimbia, nyumba zikabaki na wapishi wasio na wa kumpikia. Ilipokatika kazi, ndipo dai likaandikwa. Tofauti yao na wafanyakazi wa kampuni ni kwamba hawakuwa na baba wa kumsifu. Katika kurasa hizo hamna tamaa ya kurudi zamani hata kidogo.

Juu ya maduka nitasema kwa ufupi. Mji ulikuwa na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, na Wagiriki, Waitaliano na Wareno, waliouza nguo, chumvi, baiskeli na taa kwa mtu mweusi aliyepokea mshahara wake mwisho wa mwezi; sinagogi la Wayahudi hao la tangu mwaka 1930 bado limesimama, ingawa jamaa yenyewe imebaki watu wachache. Tarehe 30 Novemba mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitiwe mikononi mwa wananchi, na wananchi waliopewa walikuwa aghalabu wenye jamaa serikalini. Rafu zikamalizika kuuzwa na hazikujazwa tena. Uporaji wa mwaka 1991 ukamaliza kilichosalia. Ya ajabu ni kwamba jina la biashara moja ya zamani limedumu mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Timu ya mpira iliyoanzishwa mwaka 1939 na Wabenedikti ilikuja kuitwa kwa jina la kampuni ya Kibelgiji ya matairi, Englebert, na kwa jina hilo ikatwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na mwaka 1968. Leo ndiyo Tout Puissant Mazembe, ina uwanja wake Kamalondo. Matairi ya Englebert hayapatikani popote, lakini mzee wa Kamalondo akilitamka jina hilo, uso wake hung'aa kama wa mtu aliyemtaja mjomba wake.

Sasa nije kwenye mabaa, ambako moyo wangu uko zaidi, na ambako naamini kumbukumbu za mji zimehifadhiwa vizuri kuliko katika nyaraka za kampuni yoyote. Kiwanda cha bia kilianzishwa hapa tangu miaka ya 1920, na bia ya Simba, na baadaye Tembo, zikawa ndicho kinywaji cha siku ya mshahara. Pombe kali iliyokenekwa ilikatazwa kwa Mwafrika kwa sheria, ikanywewa kwa siri: lutuku iliyopikwa uani, usiku, na wanawake ambao kama walishikwa walitozwa faini na vyombo vyao vikavunjwa. Munkoyo ya mahindi haikuwa na hatia. Kabla ya mabaa yenye leseni kulikuwa na ngoma, na hapo watu wa pwani watafurahi kusikia kwamba ngoma ya Beni, ile iliyotoka Lamu na Mombasa na kusambazwa na askari na wapagazi wa vita vya kwanza, ilifika hadi Elisabethville katika miaka ya 1920, ikawa na wafalme wake, makapteni wake na madaktari wake, na serikali ikaitilia shaka kwa sababu ilikuwa chama cha watu weusi wanaojua kupanga mambo yao na kusaidiana katika maradhi na mazishi.

Baa ilirithi kazi hiyo yote. Mfanyakazi wa tanuru, ambaye mchana kutwa alikuwa namba, alipoingia baa alikuwa mtu mwenye jina, mwenye kabila, mwenye deni na mwenye maoni. Hapo ndipo habari za mgomo zilipopita; hapo ndipo vyama vya kusaidiana vilipohesabu michango; hapo gitaa lilipotoka mikononi mwa wapigaji wa Katanga, akina Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, na Edouard Masengo na Losta Abelo, ambao nyimbo zao zilijaa habari za kazi, mshahara, wanawake na safari. Hapo ndipo wachekeshaji wa kundi la Mufwankolo walipochuma lugha waliyoipeleka redioni na kwenye televisheni. Na ukutani palichorwa picha: nguva, simba, askari wa Colonie Belge akisimamia viboko, bomba la Lubumbashi likitoa moshi. Kila picha ilikuwa na mtu wa kuieleza.

Kiwanda kikifungwa mlango hufungwa pamoja na siri zake, na ruhusa ya kuingia hutolewa na mkurugenzi. Baa haina mkurugenzi. Hata ikihama, wateja huhama nayo. Hata mwenyewe akifa, binti yake huendelea chini ya mti ule ule, na kama hana leseni huiita nganda na watu wakaja. Ndiyo maana nimewashauri wanafunzi wangu, na baadhi ya wakubwa wamenitazama kwa macho makali, kwamba anayetaka kujua taarikhi ya reli ya zamani ya BCK, ambayo leo ni sehemu ya SNCC, akaanzie penye chupa kabla ya kwenda penye faili. Katika faili atakuta idadi ya mabehewa. Penye chupa ataambiwa ni dereva yupi aliyesimamisha treni porini ili mke wake ajifungue.

Lakini katika baa hiyo hiyo yumo mtu ambaye hajaulizwa bado, naye ni mama mwenye baa. Wanawake wa mji huu hawakuwa wake wa wafanyakazi tu. Walipika lutuku na kusomeshea watoto fedha zake. Waliuza unga, samaki na makaa katika soko la mtaa wa Kenya. Na wale waliokuwa wakiishi peke yao walitozwa kodi yao wenyewe, kana kwamba kutokuwa na mume ni biashara. Ilipoanguka Gécamines, ni wao walioubeba mji, kwa vibanda na mabeseni, katika miaka ambayo mwanamume aliketi nyumbani akiwa na cheo bila ya mshahara. Mzee anaposema kwamba zamani kazi ilikuwa baba na mama, kuna mama mwingine nyuma yake, akiosha glasi, ambaye angeweza kumjibu. Sijasikia bado akipewa nafasi ya kujibu katika kitabu.

Na kuna ukimya mwingine, mzito zaidi. Katika miaka ya 1992 na 1993 majirani zetu wenye asili ya Kasai, ambao wazazi wao waliletwa hapa na waandikishaji wa kampuni na reli ile ile, walifukuzwa kwa maelfu na maelfu, wakangoja treni kwa majuma na miezi katika steshini za Likasi na Kolwezi, na wengi wakafa wakingoja. Nimeona katika kumbukumbu za mitaa yetu, zilizo nyingi na tamu, jinsi msimulizi anavyofika katika nyumba fulani ya kambi, au katika ofisi fulani, akasema kwamba hapo palikaa mtu mmoja, kisha akaruka nyumba ya pili. Sikusudii kuhukumu katika mhadhara mmoja jambo ambalo taifa zima halijahukumu. Lakini dai lisilotaja kwamba mdai naye anadaiwa haliwezi kusimama mbele ya kadhi yeyote.

Si haki niseme kwamba hakuna kilichofanywa. Tangu mwaka 2000 Profesa Dibwe, pamoja na Bogumil Jewsiewicki na wenzao, waliongoza kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi. Wakawaomba wakazi walete vitu vya majumbani mwao, picha, nguo, vyombo na maneno, vikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la mji, na kitabu kimojawapo kilichotoka humo kikabeba jina la Ukumbusho. Msanii Sammy Baloji, mwana wa mji huu, mnamo mwaka 2006 aliweka picha za kale za wafanyakazi juu ya picha alizozipiga katika magofu ya Gécamines, hata wafu wakasimama wima mbele ya mitambo iliyokufa. Na tangu mwaka 2008 Picha, jumuiya aliyoianzisha pamoja na Patrick Mudekereza, imekuwa ikiwakutanisha wasanii katika mji wetu. Naziheshimu kazi zote hizi. Ila maonyesho yana siku ya kufungwa, na vitabu vile vilichapwa Paris, kwa Kifaransa, kwa bei ambayo mstaafu wa kambi haiwezi, na jina lake likiwamo ndani, ataonyeshwa na mjukuu. André Yav na chama chake waliandika ili wasomewe wenyewe. Tangu mwaka 1965 hatujafanya jambo la namna ile mara ya pili, na hiyo ni aibu ya chuo kikuu hiki cha mji wetu, kilichokuwapo hapa tangu mwaka 1956, kabla ya kijitabu hicho kuandikwa.

Basi ombi langu ni la watu wa aina tatu, nami nitalisema waziwazi kisha nikae. Kwenu papa na mama mliokuja leo: karatasi ya tiketi, kijitabu cha posho, hati ya mshahara, nishani, picha ya karamu ya kustaafu, barua ya kufukuzwa, msivitupe wala msiwaache watoto wavitupe, na mama mwenye baa asimwachie mume wake peke yake kusimulia. Kwenu mnaofanya biashara katika majumba ya zamani, muwe wenyeji au Wahindi, Walebanoni au Wachina: kabla ya kupaka rangi juu ya ukuta wenye picha, mruhusuni mwanafunzi mmoja mwenye kamera aingie kwa saa moja. Na kwenu wanafunzi: chukueni barabara moja kila mmoja, iwe Avenue Tabora, iwe Avenue des Usines, iwe kichochoro kisicho na jina huko Katuba, iandikeni mlango kwa mlango, nani alifanya kazi wapi, alilipwa nini, alikunywa wapi, nani alihamishwa, iandikeni kwa Kiswahili cha mji huu kama kinavyosemwa, na mkimaliza, kabla ya kuniletea mimi niwape alama, yasomeni mliyoyaandika kwa sauti katika baa ya barabara hiyo hiyo, ili walio na neno la kusahihisha wasahihishe.